Wafu Wenye Hati na Wafu Wasio na Hati: Kanuni ya Mwaka 1954 na Wawindaji wa Wafu-hai katika Katuni za Marekani

Utangulizi

Hadithi za picha, ambazo wasomaji wengi huziita katuni, ni fani iliyokaa muda mrefu mlangoni mwa taaluma bila ya kukaribishwa ndani. Mhakiki wa fasihi aghalabu huiona kuwa ni kitu cha watoto, naye mwanahistoria huiona kuwa ni kitu cha kupitishia wakati. Lakini fani hiyo hiyo iliwahi kuonekana nzito kiasi cha kuitishiwa kikao na kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1954, na matokeo ya kikao hicho yaliamua kwa zaidi ya miaka thelathini ni viumbe gani waruhusiwe kuchorwa na ni viumbe gani wakatazwe. Jambo ambalo dola na wenye mali walilipigania kwa juhudi kama hiyo lastahili kuchunguzwa.

Makala haya yanahusu tawi moja la fani hiyo, nalo ni hadithi za wawindaji wa wafu-hai, na hasa mfululizo uitwao The Tomb of Dracula, yaani "Kaburi la Dracula", uliotolewa na kampuni ya Marvel ya New York tangu mwaka 1972 hadi 1979. Hoja inayotetewa ni hii: kwamba sura ya wawindaji hao, na hata sura ya windo lao, iliumbwa kwa sehemu kubwa na kanuni ya ukaguzi, kwamba kanuni hiyo ilipolegezwa mwaka 1971 iliwapa hati ya kupita wafu waliotoka katika vitabu vya Ulaya, na ikawaacha nje wafu waliotoka katika masimulizi ya Waafrika waliopelekwa utumwani, na kwamba historia ya neno moja lenye asili ya Kibantu inaonyesha vizuri kuliko kitu kingine jinsi mpaka huo ulivyochorwa.

Yafaa kwanza istilahi zifafanuliwe. Katika makala haya "mnyonyadamu" ni maiti ambaye hutoka kaburini usiku na kuishi kwa damu ya walio hai, kama Dracula. Neno "mumiani" halikutumiwa kwa maana hiyo. Mumiani, neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi na ambalo asili yake ni dawa nyeusi mfano wa lami, lilikuja kuwa jina la watu waliodhaniwa kuwakamata wenzao na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Mumiani basi ni mtu aliye hai, mwenye kazi na mwajiri, wala hakupata kuzikwa. Kwa upande mwingine, lipo neno litumikalo hasa Tanzania, nalo ni "msukule": mtu adhaniwaye kuwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa kwa uchawi ili amtumikie mchawi wake, mathalani kwa kulima shamba usiku, bila ya nia wala usemi wake mwenyewe. Neno hilo lakaribiana mno na kile ambacho lugha za Ulaya hukiita zombi. Jina la jumla la viumbe wote hao, wanyonyadamu na zombi pamoja, litakuwa "wafu-hai".

Safari ya Neno Zombi

Asili ya neno zombi imejadiliwa kwa muda mrefu. Wataalamu wengi hulihusisha na lugha za eneo la Kongo na Angola. Baadhi yao hulitoa katika neno nzambi, ambalo katika Kikongo ni jina la Mungu na ambalo lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu za magharibi, kama vile Nzambe katika Kilingala. Wengine hulitoa katika neno linalokaribia mvumbi au nvumbi, lenye maana ya maiti au mwili uliokosa roho. Hata kama shina lenyewe halijaafikiwa, njia iliyopitiwa na neno hilo ni dhahiri: lilivuka bahari ya Atlantiki ndani ya matumbo ya merikebu za watumwa.

Huko ng'ambo neno hilo lilijitokeza mahali pawili. Nchini Brazil lilikuwa jina la kiongozi wa Palmares, jumuiya ya watumwa waliotoroka na kujitawala wenyewe. Zumbi wa Palmares aliuawa na Wareno tarehe 20 Novemba 1695. Katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambalo baadaye lilikuwa nchi ya Haiti, Moreau de Saint-Méry aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1797 kama neno la Kikrioli lenye maana ya roho au mzuka.

Baada ya Wahaiti kujikomboa na kutangaza uhuru mwaka 1804, neno hilo liliendelea kubeba kumbukumbu ya shamba la miwa. Zombi wa masimulizi ya Haiti hali watu wala hanyonyi damu. Yeye ni wa kuhurumiwa zaidi kuliko kuogopwa, kwa maana hata mauti hayakumpumzisha kazi. Kwa watu ambao babu zao walifanyishwa kazi hadi kufa, na ambao waliamini kwamba kifo kingewarudisha kwao Afrika, hapakuwa na kitisho kikubwa kuliko kuambiwa kwamba mtu aweza kufa na bado akabaki mali ya bwana wake.

Kutoka Haiti neno lilifika Marekani kwa njia ya jeshi. Wanajeshi wa Marekani waliikalia Haiti tangu mwaka 1915 hadi 1934. Katika kipindi hicho William Seabrook alichapisha kitabu chake The Magic Island, mwaka 1929, na humo akasimulia habari za maiti waliodaiwa kufanyishwa kazi katika mashamba ya kampuni ya sukari ya Kimarekani. Mwaka 1932 ikatoka filamu ya White Zombie, ambamo aliigiza Bela Lugosi, yule yule aliyekuwa ameigiza Dracula mwaka mmoja kabla. Kuanzia hapo zombi alikuwa mali ya burudani ya Marekani, ingawa katika safari hiyo alipoteza jambo lililokuwa kiini chake: kumbukumbu ya utumwa ilififia, kikabaki kitisho cha maiti mwenye macho yasiyoona.

Kanuni ya Mwaka 1954

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia katuni za kutisha zilishamiri sana Marekani. Kampuni iliyovuma kupita nyingine zote ilikuwa EC ya William Gaines, iliyotoa Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Katika kurasa za majarida hayo maiti walifufuka kila mwezi kuja kulipiza kisasi kwa waliowadhulumu. Kampuni nyingine hazikubaki nyuma. Mwezi wa Julai 1953, katika jarida la Menace, Stan Lee na mchoraji Bill Everett walitoa hadithi fupi ya zombi ambaye atakutana na msomaji tena mbele.

Mpinzani mkuu wa vitabu hivyo alikuwa daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, ambaye kitabu chake Seduction of the Innocent kilitoka mwaka 1954. Si haki kumchukua Wertham kuwa mtu wa hila tupu. Mwaka 1946 alishiriki kufungua zahanati ya Lafargue katika mtaa wa Harlem, ambako watu weusi wasio na uwezo walitibiwa kwa malipo madogo, na ushahidi wake juu ya madhara ya ubaguzi katika shule ulitumika katika mojawapo ya kesi zilizounganishwa na kuishia katika hukumu ya mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi huo. Hata hivyo, karatasi zake zilipofunguliwa kwa watafiti, Carol Tilley alionyesha katika utafiti wake uliotoka mwaka 2012 kwamba maneno ya watoto aliyoyanukuu Wertham yalikuwa yamebadilishwa, kuchanganywa na kupunguzwa ili yaafikiane na hoja yake. Nia njema haikuuzuia ushahidi kupindwa.

Tarehe 21 Aprili 1954 Gaines alifika mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa vijana. Aliulizwa juu ya jalada la kitabu lililoonyesha kichwa cha mwanamke kilichokatwa, naye akajibu kwamba kwa kitabu cha kutisha jalada hilo halikukiuka adabu. Jibu hilo lilimponza yeye na wenzake. Seneti haikutunga sheria, lakini wachapishaji, wakihofia kuwa ingetungwa, walijiundia chombo chao wenyewe cha ukaguzi na kupitisha Kanuni ya Katuni mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Hivyo Kanuni hiyo haikuwa sheria ya nchi. Nguvu yake ilitoka sokoni: jarida lisilobeba muhuri wa ukaguzi lilikataliwa na wasambazaji, na jarida lisilosambazwa ni karatasi tu.

Masharti ya Kanuni yalikuwa makali. Maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kitisho na hofu kuu yalikatazwa kutumika katika majina ya majarida. Wafu watembeao, wanyonyadamu, mazimwi walao maiti, watu walao watu, na watu wageukao mbwamwitu walipigwa marufuku wote kwa pamoja. EC iliyasimamisha majarida yake ya kutisha, na baada ya muda mfupi ikabaki na jarida la mzaha la Mad peke yake.

Tukio moja la siku hizo lafaa kukumbukwa kwa kuwa linaangaza yatakayofuata. Gaines alitaka kuchapisha upya hadithi iitwayo "Judgment Day", iliyotoka kwanza mwaka 1953. Hadithi hiyo yamhusu mjumbe kutoka dunia ya wanadamu anayeikagua sayari ya mashine zenye akili, ambako mashine za rangi moja huzibagua za rangi nyingine. Naye huikatalia sayari hiyo kujiunga na jumuiya ya walimwengu. Katika picha ya mwisho mjumbe avua kofia yake ya angani, na msomaji huona kwamba ni mtu mweusi. Mkuu wa ukaguzi, Charles Murphy, alidai sura hiyo iondolewe. Gaines alikataa katakata, na hadithi ikachapishwa kama ilivyokuwa katika toleo la Februari 1956. Ofisi iliyowafukuza wafu kwa ajili ya kulinda maadili ya watoto ndiyo iliyokwazwa na uso wa mtu mweusi aliye hai, asiye na kosa lolote.

Mlango wa Mwaka 1971

Marufuku yalidumu kwa miaka kumi na saba, na yalishikwa kwa ukali ambao mara nyingine ulifika kwenye kichekesho. Mtungaji Marv Wolfman, ambaye jina lake la ukoo kwa Kiingereza husomeka kama "mtu-mbwamwitu", amepata kusimulia mkasa uliompata katika kampuni ya DC, wakati wa kutayarishwa toleo la 83 la House of Secrets lililotoka mwishoni mwa mwaka 1969. Msimulizi wa jarida alisema kwamba hadithi iliyokuwa ikifuata alisimuliwa na mtu-mbwamwitu mzururaji. Wakaguzi wakaagiza neno hilo lifutwe. Walipoelezwa kuwa hilo ni jina halisi la mtungaji, walitaka jina lake lichapwe waziwazi penye hadithi yake, ili msomaji asidhani kuwa ni mnyama. Hivyo mtungaji alitambuliwa kwa kuwa jina lake lilishukiwa.

Mwaka 1971 Kanuni ililegezwa. Wanyonyadamu, mazimwi walao maiti na watu-mbwamwitu waliruhusiwa, lakini kwa sharti: watumiwe kwa kufuata mapokeo ya fasihi bora, kama vile Frankenstein na Dracula, na maandishi ya watungaji wenye heshima ambao kazi zao husomwa katika shule za ulimwengu, na miongoni mwa waliotajwa walikuwamo Edgar Allan Poe, Saki na Conan Doyle. Wafu watembeao hawakupewa ruhusa hiyo. Hawakuwa na mtungaji wa shuleni wa kuwadhamini.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Mtu aweza kudhani kwamba kilichopimwa ni ukali wa kitisho. Lakini mnyonyadamu anayemtoboa mtu koo hazidiwi kwa kitisho na zombi anayelima miwa usiku. Aweza pia kudhani kwamba kilichopimwa ni asili ya kiumbe kwa nchi au kwa rangi. Hilo nalo halitoshi, kwa maana zimwi mla maiti ni kiumbe wa Waarabu, na hata jina lake la Kiingereza latokana na neno la Kiarabu ghul, naye aliruhusiwa. Tofauti ni kwamba zimwi la Waarabu lilikuwa limekwisha kuingia vitabuni mwa Ulaya tangu karne ya kumi na nane, kwa njia ya tafsiri za hadithi za Alfu Lela U Lela, likazoeleka humo kama mwenyeji. Zombi naye alikuwa ametajwa kwa maandishi, lakini na wasafiri, na watungaji wa magazeti ya bei rahisi, na watengenezaji wa filamu. Nyumbani kwake alibaki katika vinywa vya wasimulizi wa Haiti. Mizani iliyotumika basi ilikuwa orodha ya vitabu vya shule, na orodha hiyo haikuwa na nafasi ya fasihi simulizi ya watu weusi.

Swali la nani huandika orodha hiyo si geni kwa msomaji wa Kenya. Mwezi wa Oktoba 1968, miaka michache tu kabla ya marekebisho hayo, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika katika Chuo Kikuu cha Nairobi hoja yao mashuhuri ya kutaka Idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pawekwe idara ambayo fasihi ya Afrika ingekuwa kitovu chake, na ambamo fasihi simulizi ingefundishwa kama fasihi kamili. Wakaguzi wa New York hawakuwa na habari ya mjadala huo, wala hapana sababu ya kudhani kwamba wangeujali. Lakini kilichojadiliwa Nairobi kama suala la mitaala kilikuwa kikitumika kule kama kibali cha biashara. Kusema kwamba maandishi fulani "husomwa katika shule za ulimwengu" ni kulihesabu chaguo la wachache kuwa ni hukumu ya walimwengu wote.

Wawindaji wa Kaburi la Dracula

Kampuni ya Marvel haikuchelewa kuupita mlango uliofunguliwa. Toleo la kwanza la The Tomb of Dracula lilibeba tarehe ya Aprili 1972. Gene Colan alichora matoleo yote sabini hadi mfululizo ulipokwisha Agosti 1979, na kwa sehemu kubwa wino wake ulitiwa na Tom Palmer. Watungaji walibadilishana mwanzoni, mpaka toleo la saba, mwaka 1973, alipokabidhiwa kazi hiyo Marv Wolfman, yule yule ambaye jina lake liliwahi kuwatia wakaguzi mashakani.

Sharti la mapokeo ya fasihi bora laonekana wazi katika nasaba za wawindaji. Riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 humalizika kwa kumtaja mtoto wa Jonathan na Mina Harker. Mtoto huyo, Quincy Harker, ndiye kiongozi wa wawindaji katika katuni, akiwa sasa ni mzee aliyekaa katika kiti cha magurudumu baada ya maisha marefu ya kumsaka Dracula. Pamoja naye yupo Rachel van Helsing, kitukuu cha daktari wa riwaya. Frank Drake, mzawa wa ukoo wa Dracula mwenyewe. Na Taj Nital, Mhindi aliyenyang'anywa sauti yake na mnyonyadamu. Watatu wa kwanza wana hati zao: kila mmoja aweza kuonyesha ukurasa wa kitabu ambamo ukoo wake umetajwa. Ni kana kwamba watungaji walikuwa wakimkumbusha mkaguzi, kila toleo, kwamba wafu hawa ni wa shuleni.

Katika toleo la kumi, Julai 1973, aliingia mwindaji asiye na hati ya namna hiyo. Huyo ni Blade, mtu mweusi aliyezaliwa katika danguro la London. Mama yake, alipokuwa katika uchungu wa kuzaa, aliumwa na mnyonyadamu Deacon Frost aliyejifanya daktari. Mama akafa, na mtoto akazaliwa na damu ambayo sumu ya wanyonyadamu haiwezi kuigeuza. Alifundishwa kazi na Jamal Afari, mpiga tarumbeta wa jazi aliyekuwa mwindaji pia, na silaha zake ni visu vya mti. Hana babu katika riwaya ya Stoker. Hasimu wake si urithi wa ukoo wa mabwana bali ni yule aliyemuulia mama. Waliomtunga, Wolfman na Colan, walikuwa watu weupe, na katika usemi wake wa mwanzo ipo mikogo ya filamu za watu weusi za miaka ile. Juu ya hayo, Blade alileta katika hadithi uchungu ambao wenye nasaba hawakuwa nao. Wao walipigania jina la ukoo. Yeye alidai damu iliyomwagwa.

La kuzingatiwa zaidi ni uhusiano wa mwindaji na umilele. Katika riwaya ya Stoker mpaka ni safi: wanadamu hufa, adui hafi, na ushindi wa wanadamu ni kumrudisha adui katika mauti. Katuni iliuchafua mpaka huo. Mwaka 1974, katika toleo la ishirini na tano, alijitokeza Hannibal King, mpelelezi wa kukodiwa ambaye mwishoni mwa kisa msomaji hugundua kwamba naye ni mnyonyadamu, aliyeuawa na Frost yule yule, na ambaye hujizuia asinywe damu ya mtu aliye hai. Hapa pana mwindaji asiyekufa, lakini umilele wake ndio jeraha lake. Rachel van Helsing, aliyekuwa na hati safi kuliko wote, aligeuzwa mnyonyadamu na akafa katika hadithi ya mwaka 1982. Blade naye, ambaye mwanzoni alikuwa mtu wa kawaida mwenye kinga tu, alipata nguvu za mnyonyadamu katika katuni za mwaka 1999, baada ya filamu ya mwaka 1998 ambamo Wesley Snipes alimwigiza kama nusu mtu na nusu mnyonyadamu.

Kwa hiyo mwindaji asiyekufa, ambaye leo huonekana kuwa ni desturi ya fani hii, hakuwamo katika mapokeo bora yaliyotakiwa na Kanuni. Alitokea pale ambapo mapokeo hayo yalipoanza kuvunjika mikononi mwa wale waliotumwa kuyafuata. Mzee Harker afa katika toleo la mwisho, akijiangamiza pamoja na ngome ya Dracula, na pamoja naye kizazi cha wenye hati chaondoka. Wanaobaki na kudumu ni Blade na King: mmoja mweusi asiye na nasaba ya kitabuni, mwingine maiti anayejitawala.

Neno la Badala

Zombi alifanywa nini wakati huo wote? Alipewa njia mbili, na zote mbili zilikuwa za uchochoro.

Ya kwanza ilikuwa kumhamisha. Majarida makubwa ya rangi nyeusi na nyeupe hayakuwa chini ya Kanuni, kwa kuwa hayakuhesabiwa kuwa vitabu vya katuni. Mwaka 1973 Marvel ilianzisha jarida la aina hiyo, Tales of the Zombie, lililodumu hadi 1975, na mhusika wake mkuu akawa yule zombi wa mwaka 1953, ambaye sasa alipewa jina la Simon Garth. Garth ni tajiri wa kahawa wa New Orleans aliyeuawa na mtunza bustani wake na kufufuliwa kuwa mtumwa wa yeyote aishikaye hirizi yake. Kinyume cha masimulizi ya Haiti, hapa bwana ndiye anayetumikishwa.

Njia ya pili yamhusu mwanafunzi wa lugha zaidi. Katika katuni za kawaida zilizobeba muhuri, watungaji wa Marvel waliwachora wafu wale wale, wakitembea na kutii amri za waganga wa Kihaiti, lakini wakawaita kwa jina jingine: zuvembie. Neno hili lilibuniwa na Robert E. Howard katika hadithi yake "Pigeons from Hell", iliyochapishwa mwaka 1938, miaka miwili baada ya kufa kwake, na inayohusu nyumba kuukuu ya wenye mashamba kusini mwa Marekani. Kanuni ilikataza wafu watembeao; zuvembie hawakutajwa. Hata katika The Avengers, mfululizo wa mashujaa, mhusika Wonder Man aliporudi kutoka kwa wafu mwaka 1976 aliitwa zuvembie.

Lugha nyingi za Afrika zina desturi ya kulikwepa jina. Yapo majina ya wakwe yasiyotamkwa, na wapo wanyama ambao usiku huitwa kwa jina la kupanga ili wasisikie. Desturi hiyo huwa na heshima au hofu ndani yake, na asemaye na asikilizaye wote wajua ni nani anayekusudiwa. Zuvembie haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilikuwa tasfida ya karani, iliyomridhisha msomaji mmoja tu, yaani mkaguzi. Lakini athari yake haikuwa ndogo. Neno zombi, hata baada ya kupotoshwa na filamu, lilikuwa bado limebeba silabi ambazo mtu wa Kongo angezitambua. Neno la badala halikutoka kwa msemaji wa Kikongo wala wa Kikrioli, bali katika kalamu ya mtungaji mmoja wa Texas. Kwa kulitumia, katuni zilizodai kueleza imani za Wahaiti zilieleza imani hizo kwa neno ambalo Mhaiti hakupata kulitamka.

Hitimisho

Kanuni ilirekebishwa tena mwaka 1989, na zombi naye akaruhusiwa. Kufikia wakati huo ukaguzi ulikuwa umekwisha kudhoofika, kwa maana maduka maalumu ya katuni hayakujali muhuri. Marvel iliiacha Kanuni mwaka 2001; DC na Archie, walioshikilia mwisho, waliiacha mwaka 2011, na chombo chenyewe kikafa. Hakukuwa na mwindaji aliyekiua. Kilikwisha kwa kukosa wa kukitii.

Mambo matatu yanaweza kutolewa katika historia hii. Kwanza, marufuku hayakuiua hadithi ya wafu-hai, yaliielekeza tu. Wawindaji wa ukoo wa Harker na Van Helsing walikuwepo kwa sababu kanuni ilidai ukoo, na Blade akapata nafasi kwa kuingia katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wengine. Pili, kipimo cha fasihi bora kinapofanywa kuwa sharti la kuruhusiwa kusema, huwaumiza kwanza wale ambao fasihi yao hukaa mdomoni. Hapakuhitajika mkaguzi mwenye chuki ili zombi azuiwe. Ilitosha kwamba hakuna aliyefikiri kuuliza kama masimulizi ya Haiti nayo ni mapokeo. Tatu, neno likifukuzwa haliondoki peke yake. Zombi alipoitwa zuvembie, kilichofutwa pamoja na silabi zake ni habari ya mtu aliyekufa na bado akatumikishwa.

Habari hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Saint-Domingue walihifadhi neno lao tangu siku za utumwa, na katika Kiswahili yakumbukwa kila linapotamkwa neno msukule. Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anayetafuta mabaki ya Kibantu ng'ambo ya Atlantiki huelekezwa kwanza kwenye nyimbo, sala na majina ya mimea. Hapana budi aongezewe na rafu ya katuni, ambako mojawapo ya mabaki hayo lilikaa marufuku kwa miaka thelathini na mitano.